Sauti Chini ya Sauti Yangu

Neema alifika kwangu asubuhi kwa pikipiki, akashuka kabla haijasimama vizuri, na nilipoona amejifunga kitenge juu ya suruali nikajua kuna msiba kabla hajafungua mdomo. Baba yake amefariki alfajiri, akasema, usingizini, bila kumsumbua mtu. Tulilia kidogo pale mlangoni, kisha nikamwingiza ndani nikampa chai. Alikunywa nusu kikombe akakiweka chini. Ndipo akasema lililomleta hasa, kwa sababu habari ya kifo peke yake angeweza kunipigia simu.

"Mama Mwayuma, mama anasema ukuye na ile kaseti. Mimi ni mutu muzima sasa, na sijasikia sauti ya baba hata siku moja."

Nilijifanya natafuta miwani ili nisimjibu upesi. Kaseti ipo. Imelala juu ya kabati langu ndani ya kopo la maziwa ya unga, imefungwa kitambaa, na kila nilipohama nyumba niliibeba mwenyewe mkononi, sikumpa mtu. Sijawahi kuisikiliza tena tangu mwaka ule. Haina siri yoyote. Mji mzima wa Kindu, huku kwetu Kongo, uliisikia siku hiyo, na Kailo, na vijiji vya njia ya Pangi vilivyokuwa na betri. Naiogopa kwa sababu sauti iliyo juu ni yangu, ninasoma tangazo la kifo cha Papa Ilonga, baba yake Neema, na chini ya sauti yangu, akisoma habari nyingine kabisa, ni Papa Ilonga mwenyewe. Siku niliyosoma alikuwa hai. Alikuwa nyumbani kwake, nyuma ya pazia, ananisikiliza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Vita vilikuwa vimefika mjini miezi michache kabla, na waliotawala wakati ule hawakuwa wale waliotawala kabla yao. Nilichukuliwa radio kwa sababu nilikuwa na cheti cha sekondari na Kiswahili kilichonyooka, na kwa sababu waliokuwa na sifa kunizidi walikuwa wamekimbilia msituni. Studio ilikuwa chumba cha mwisho katika nyumba ndefu ya matofali, upande wa mtaa wa Kasuku, si mbali na stesheni ambayo treni zilikuwa zimeacha kuifikia. Kuta zilifunikwa mablanketi ya kijivu yaliyopigwa misumari ili sauti isirudi, na dirisha lilizibwa mbao. Ukifunga mlango ulisikia damu yako inavyotembea masikioni. Kulikuwa na meza, maikrofoni, mashine ya kurekodia, na kiti chenye mto mdogo wa kitambaa cha maua, ulioshonwa na mke wa mtu fulani kwa ajili ya mgongo wa mtu fulani. Juu ya meza kulikuwa na kikombe na miwani. Hakuna aliyenikataza kuviondoa, na sikuviondoa. Nilisukuma karatasi zangu pembeni ya kikombe cha watu nikaanza kazi.

Ukutani palibandikwa amri iliyopigwa taipu kwa Kifaransa. Ilisema lugha za radio ni Kifaransa na Kiswahili, na nyingine zote zimesimamishwa mpaka tangazo lingine. Leo nikimsikia mtu aliyevaa vizuri anajadili siasa ya lugha, kwamba Kifaransa ndiyo lugha rasmi ya nchi yetu na nyingine nne ni lugha za taifa, na kila moja ina heshima yake, huwa ninakubaliana naye kwa kichwa tu. Anadhani ni mambo ya shule na vitabu. Mwaka ule nilijifunza kwamba lugha ni kitu cha kukufikisha nyumbani au kutokukufikisha. Kilingala kilikuwa lugha ya wanajeshi walioondoka, kwa hiyo kwenye vizuizi vya barabara mtu aliulizwa anatoka wapi na anakwenda wapi, na hawakujali alichojibu. Walisikiliza jinsi jibu lilivyotoka.

Papa Ilonga ndiye aliyekuwa akisoma habari kwa Kilingala. Alikuja Kindu kijana kutoka mkoa wa Ekwateri, akaoa Mama Feza wa Kailo, akakaa. Kila saa sita mchana alianza kwa maneno yaleyale: bandeko basi na mibali, mbote na bino nyonso, yaani ndugu wake kwa waume, salamu kwenu nyote. Sisi ni watu wa Kiswahili. Tunanunua kwa Kiswahili, tunasali kwa Kiswahili baada ya Kiarabu, tunatukanana kwa Kiswahili. Lakini saa sita mji mzima uliitika, wali ukiwa mdomoni: "Mbote, Papa Ilonga!" Bibi yangu, ambaye Kilingala chake chote kilikuwa neno hilo moja, alilitamka akigeukia radio kama anavyomgeukia mgeni mlangoni. Uso wake waliujua wachache. Sokoni alinunua samaki kwa kuonyesha kidole, kwa sababu akisema tu neno, wanawake waliacha biashara wakamzunguka. Watawala wapya walipoingia alitoweka, ikasemwa amepanda mashua na wanajeshi kuteremka na mto. Mimi nilikaa kwenye kiti chake nikiamini hivyo.

Mkubwa wa radio tulimwita Direkta. Alikuwa mwembamba, anafunga tai kwenye joto la Kindu, na alizungumza Kifaransa hata na mbwa wake. Yeye alisoma komunike, yaani matangazo, kwa Kifaransa kwanza, kisha mimi kwa Kiswahili. Alinieleza utaratibu siku ya kwanza: tangazo linakuwa tangazo likisomwa kwa Kifaransa, Kiswahili ni kwa ajili ya watu kuelewa. Nilimuuliza kama tangazo lisiloeleweka ni tangazo. Alinitazama kwa huruma akasema ndiyo, bila shaka. Kila asubuhi tulirekodi kwenye kaseti, afisa mmoja wa hao watawala wapya akapita kusikiliza kama hakuna ubaya, na saa kumi jioni kaseti ikarushwa hewani. Kaseti mpya hazikuwepo. Kindu haikuwa na chumvi, itakuwa na kaseti? Direkta alinifungulia sanduku la kaseti za Kilingala, zote za Papa Ilonga, akaniambia nirekodi juu ya hizo.

Mashine ilikuwa ya zamani, na sehemu yake ya kufutia sauti ya zamani ilikuwa imechakaa. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilimaliza kusoma, nikarudisha kaseti nyuma, nikavaa vifaa vya kusikilizia masikioni, na nilipojisikia nasema bei ya mafuta ya mawese, nikamsikia mtu nyuma yangu. Niligeuka. Kulikuwa na blanketi tu. Nikasikiliza tena. Alikuwa mbali sana, kama mtu anayeongea chumba cha pili, hana haraka, na kila nilipovuta pumzi yeye aliendelea. Nilipaswa kumwambia Direkta palepale. Sikumwambia, siku ile wala zilizofuata, na sitaki kujitetea kwamba niliogopa kufukuzwa. Ukweli ni kwamba baada ya wiki moja nilikuwa nimempenda. Chumba kile kilikuwa cha upweke usioelezeka, na yeye alikuwa mwenzangu. Nilianza kupanga vituo vyangu vya kupumua ili nimpe nafasi. Kilingala ninachokijua leo nilikipata hivyo, kwa kumsikiliza mtu aliyekuwa chini yangu.

Afisa hakumsikia, kwa sababu alisikilizia kwenye spika ya ofisini huku jenereta likinguruma ukutani. Waliomsikia ni watu wa majumbani, wenye radio ndogo za betri na jioni tulivu. Sokoni mama mmoja muuza mchicha wa lenga-lenga alinipunguzia bei, kisha akauliza, bila kunitazama usoni, kama huko ndani huwa niko peke yangu. Mwingine alisema mtoto wake analia kila nikianza kusoma. Mzee aliyetoka Kailo kwa baiskeli alinisalimia barabarani, akasogea karibu, akasema taratibu kwamba nyuma yangu kuko muntu na ni vizuri nijue. Nilicheka. Nilikwenda nyumbani nikafunga mlango kukiwa bado mchana.

Mama Feza alikuwa akiuza karanga na mihogo ya kuchemsha mbele ya radio. Nilimjua kama mke aliyeachwa, mjamzito wa miezi minne au mitano, mtu wa maneno machache. Siku moja alinifungia karanga kwenye karatasi, akaniambia niende kula kwake jioni ile, na niende kabla ya saa kumi. Nilimkuta amepika wali na sombe ya majani ya mihogo, vimetiwa chumvi ile ya majivu tuliyokuwa tukitengeneza kwa kuchoma majani na kuchuja maji yake, chungu mpaka ulimi unajikunja. Tulikula. Saa kumi ilipofika alisimama akasogeza pazia la chumba cha nyuma kidogo tu, upana wa kiganja, akaniashiria nitazame. Ndani mtu mzima alikuwa ameketi kitandani, ameegemeza sikio kwenye radio iliyopunguzwa sana. Nilijisikia nikianza kusoma habari za mji. Midomo ya yule mtu ilikuwa inatembea, lakini haikufuata maneno yangu. Alikuwa anasema yale ya chini, neno kwa neno, bila kutoa sauti hata kidogo.

"Njo yeye," alisema Mama Feza sikioni mwangu. "Hakuenda popote. Hawezi kusema hata jambo. Akisema, wataijua."

Alikuwa sahihi. Mtu mwingine yeyote wa kutoka mbali angejificha kwa kujifunza kusema kama sisi. Yeye hakuwa na namna, kwa sababu sauti ile hata ikisema Kiswahili kila mtoto wa mji angegeuka. Kwa hiyo alikuwa amekaa miezi bila kutamka kitu. Aliponiona penye pazia hakushtuka. Aligusa sikio lake, akaninyooshea kidole, akatabasamu, na niliona aibu ambayo bado sijaimaliza.

Wiki chache baadaye afisa alitualika mimi na Direkta nyumbani kwake. Hakuwa mtu wa kufoka. Alitukaribisha sebuleni, akaagiza tuletewe mayai ya kukaanga, na mayai yale yalikuwa na chumvi. Chumvi ya kweli. Nilikuwa na miezi sijaionja, na machozi yalinitoka hivihivi. Saa kumi aliwasha radio ndogo ya betri, akaiweka katikati ya sahani, tukasikiliza wote watatu. Nyumba ilikuwa kimya. Mimi nilisoma, na yeye wa chini akasoma, na kwa mara ya kwanza nilisikia jinsi alivyokuwa anasikika wazi kwa kila mtu isipokuwa wale waliokaa karibu na jenereta. Kwa Kiswahili chake cha mashariki zaidi ya kwetu, afisa alisema wenzake wanaamini kuna mtu anatuma habari kwa adui kupitia radio yetu. Direkta alianza kueleza mambo ya mashine kwa Kifaransa. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akanigeukia mimi.

"Mashine nimesikia. Mimi nauliza mwenye hii sauti. Iko wapi?"

"Alikufa," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Neno lilitoka likiwa na ladha ya chumvi.

"Alikufia wapi?"

"Njia ya Pangi, ku pori. Walimuzika kulekule."

"Na komunike yake? Mimi nasikiliza hii radio kila siku. Sijaisikia."

Hapo alikuwa amenishika. Kwetu mtu hafi bila komunike. Barabara zikifungwa, barua zisipofika, ndugu wa Kibombo na wa Pangi watajuaje? Radio ndiyo inayomwua mtu sawasawa; kabla haijasema, hata akiwa ameshazikwa, watu wanasema labda. Nikamjibu kwamba familia ilikuwa inangoja uhakika, na kwamba kesho tutaisoma. Afisa akasema sawa, akatusindikiza mpaka barabarani.

Tulitembea na Direkta mpaka karibu na stesheni. Hapo alisimama, akalegeza tai, akaniambia anajua kuwa Ilonga yuko hai, kwamba amejua tangu mwanzo, na kwamba hatamsaliti hata wamfanye nini. Nilitaka kumbusu mikono. Kisha akaniambia kwamba komunike ile hataisoma. Nilimwuliza kwa nini, na jibu lake nalikumbuka kwa sauti yake, ingawa hapa nalitafsiri: "Kwa Kifaransa mimi sisemi uongo." Nilimwomba, nikamkasirikia, nikamwambia ni maneno tu kama maneno mengine. Alitikisa kichwa. Kwake Kifaransa kilikuwa kiapo, kilikuwa muhuri na sahihi. Kiswahili kilikuwa mazungumzo, na katika mazungumzo mtu anaweza kusaidia jirani. Nilimwona mwoga mwenye majivuno. Siku hizi sijui. Nimekutana na watu wengi wasio na lugha hata moja wanayoogopa kuidanganyia.

Basi nikaisoma peke yangu, kwa Kiswahili, nikijiambia inatosha kwa sababu Kiswahili ndicho ambacho kila mtu wa Kindu anaelewa. Nilichukua kaseti iliyokuwa juu ya rundo. Nikatangaza kwamba familia ya Ilonga, pamoja na familia ya mke wake ya Kailo, zinasikitika kuwajulisha ndugu na marafiki kifo cha mpendwa wao, kilichotokea njia ya Pangi, na kwamba matanga yako nyumbani kwake. Nilipojisikiliza, alikuwepo chini, ndiyo kwanza anaanza kipindi chake. Anawasalimu watu. Nilikaa na vya masikioni nikiwaza nirekodi tena juu ya kaseti nyingine, lakini kaseti zote zilikuwa zake.

Asubuhi iliyofuata matawi ya mngazi, mti wa mawese, yalikuwa yamechomekwa barabarani mbele ya palseli, ua wa nyumba ya Mama Feza, kama desturi, ili mpita njia ajue ndani kuna kifo. Watu walikuja wengi kuliko nilivyofikiri. Waliokuwa wanajua siri hawakuzidi wanne. Wengine walilia kwa dhati, na nilitambua kwamba wanalilia saa sita zao, wali wao wa zamani na treni. Mama Feza aliketi chini kwenye mkeka, tumbo limeanza kumlemea, akalia kuliko wote, na mpaka leo sijamwuliza alikuwa analilia nini. Nyuma ya ukuta wa udongo, hatua tatu kutoka kwa waliokuwa wakimsifu, Papa Ilonga alikuwa ameketi kitandani. Alisikia kila neno. Alisikia na yale mabaya machache ambayo watu husema matangani wakidhani marehemu hana masikio.

Siku ya pili afisa alikuja. Alivua kofia, akakaa upande wa wanaume, akatazama matawi ya mngazi, akatazama wanawake. Mfukoni alitoa mchango wake wa matanga, kifurushi cha chumvi, akampa mwenye kupika. Kisha akamwita Direkta pembeni, nami nilikuwa karibu na masufuria nikasikia. Alimwambia amesikia Kiswahili, ila Kifaransa hajakisikia, na biro yake, yaani ofisi, huandika yaliyosomwa kwa Kifaransa tu. Direkta alitazama viatu vyake. Sijui afisa alielewa nini kutoka kwenye ule ukimya, lakini alivaa kofia yake taratibu.

"Kwa hii palseli, amekufa," alisema. "Kwa biro yangu, bado."

Akaondoka. Hawakuingia kupekua, siku ile wala baadaye, na kwa hilo kifo cha Kiswahili kilifanya kazi yake. Lakini jina lake lilibaki kwenye karatasi zao za watu wanaotafutwa, kwa hiyo Papa Ilonga hakuweza kwenda popote. Alikuwa amekufa mno kuweza kutoka mlangoni, na hakuwa amekufa vya kutosha kuweza kuvuka kizuizi.

Mchana ule sombe ilipikwa kwa chumvi ya afisa. Harufu ilijaa palseli, watu walikula wakiwa wamefumba macho. Nikamfikiria yeye, ambaye hakuwa ameonja chumvi kwa miezi, anayeisikia harufu ile nyuma ya ukuta. Nilijaza bakuli. Mama Feza aliniona ninaelekea pazia, akainua mkono kidogo kana kwamba anizuie, akaushusha. Wote wawili tulijua haifai. Marehemu hali matanga yake. Hakuna aliyetufundisha hilo kwa maneno, ila hakuna asiyelijua. Niliingia nikampa. Alilitazama bakuli muda mrefu, akanitazama mimi, kisha akala chote, akapangusa kingo kwa kidole. Siku ya tatu, watu walipotawanyika na nguo zake zikagawiwa ndugu kama inavyotakiwa, niliingia tena nikamwambia sasa hakuna anayesikiliza, anong'oneze hata neno moja, amsalimie mke wake. Alifungua mdomo. Shingo yake ilikazika, mdomo ukafanya umbo la neno ninalolijua vizuri. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena, akajishika koo, na katika macho yake niliona kwamba hakuwa anajificha tena. Alikuwa anaitafuta sauti yake.

Tuliishi hivyo hadi mwaka ulipoisha, na zaidi. Shemeji yake alipewa koti lake la kahawia, akalivaa sokoni, na watoto walikuwa wakikimbia wakiona koti la marehemu linanunua samaki. Neema alizaliwa nyumbani humo, akabebwa na baba asiyeweza kumbembeleza kwa wimbo. Mimi niliendelea kusoma juu ya kaseti zake, moja baada ya nyingine, na kila mara nikirekodi upya sauti ile ya chini ilififia zaidi, mpaka nikawa peke yangu kweli. Kaseti ya komunike peke yake sikuirudia. Niliificha ndani ya nguo nikatoka nayo.

Vita vilipoisha na nchi kuunganishwa tena, radio ilirudisha lugha zote, amri ikabanduliwa ukutani. Papa Ilonga akatoka nje. Kwa serikali hakukuwa na shida yoyote: alipokwenda kutafuta karatasi zake walitazama daftari, hapakuwa na kifo, kwa Kifaransa hakuwahi kufa hata siku moja, akapewa kadi siku hiyohiyo. Shida ilikuwa majirani. Walijua sasa kisa chote, walikicheka hata, walimshukuru Mungu. Lakini walikuwa wamemlilia, wamekula, wamegawana mashati, na mambo hayo hayarudi nyuma kwa sababu tu mtu amesimama mbele yako. Hakuna aliyemsalimu wa kwanza. Mwanamke wa samaki alimwekea samaki chini kisha akarudi hatua moja ili amwache aokote. Hospitalini walimwangalia koo wakasema halina kitu. Alifungua kibanda cha kutengeneza radio karibu na soko la Kasuku, na kwa miaka zaidi ya ishirini watu walimwachia radio zao dirishani, wakazichukua dirishani, zikiwa zinaongea vizuri sana. Mimi nilikwenda kila wiki. Tulikaa. Sikuwahi kumwomba msamaha kwa sababu sikujua niombe kwa lipi: kwa kukaa kimya kuhusu kaseti, kwa komunike, au kwa bakuli.

Hayo yote sikumweleza Neema asubuhi ile, mengi anayajua. Nilimwambia tu ukweli kuhusu kaseti, kwamba hawezi kumsikia baba yake bila kunisikia mimi nikimwua. Alifikiri kidogo.

"Basi nitakusikia na wewe," alisema. "Tuende."

Matawi ya mngazi yalikuwa tayari barabarani. Mama Feza alikuwa kwenye mkeka, mahali palepale, mzee sasa, macho makavu. Nilimwuliza kama anataka nipeleke komunike radio, nikisema siku hizi wanasoma kwa lugha zote. Alisema kwa Kifaransa ipelekwe, maana huko hajafa bado, na kwa Kilingala ipelekwe. Kwa Kiswahili, akasema, ulishamusoma. Hakusema kwa ubaya, lakini nililazimika kukaa chini.

Neema alileta mashine ya kaseti kutoka kibandani kwa baba yake, ambayo mzee aliitengeneza mwenyewe. Nilibonyeza, na akatoka msichana wa miaka kumi na tisa, sauti imenyooka, hana hata kigugumizi, akisema familia ya Ilonga inasikitika. Niliwachukia wote wawili, yeye na Kiswahili chake kizuri. Neema alipiga magoti akaweka sikio kwenye spika. Wengine walisogea, hata wale waliokuwa wakiacha radio dirishani na kuondoka. Yule msichana alivuta pumzi kabla ya neno kifo, na katika nafasi hiyo, mbali, bila haraka, akapita yeye: bandeko basi na mibali, mbote na bino nyonso.

Mama Feza alifumba macho. "Mbote, Papa Ilonga," akasema. Mwanamke wa samaki, ambaye nilikuwa sijamwona ameketi pale nyuma, akasema mbote naye, kisha mzee mmoja, kisha wote waliokuwa na umri wa kukumbuka, kwa sauti ndogo, kama watu wenye wali mdomoni.

Neema aliinua uso akaniuliza baba amesema nini. Nikamwambia anatusalimu, na anangoja tuitike. Akarudisha sikio lake palepale, akaitika.